Akiba Haiozi, Lakini Tufaha Huoza

Ujumbe wa Jumapili ya Mavuno
Masomo: Kutoka 16:13–31, Luka 12:13–21, Yohana 6:1–13

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha tena kwenye Jumapili ya Mavuno. Ninyi mliokuwa zamu ya asubuhi na mnausoma ujumbe huu jioni, karibuni. Kaeni, mnywe chai, tuzungumze.

Wengi wenu mmefika nyumbani kwetu na mnaufahamu mti ulioko nyuma ya nyumba. Ni mtufaha wa siku nyingi. Hatukuupanda sisi, tuliukuta. Bibi jirani yetu, Mmarekani aliyeishi mtaa huu tangu ujana wake, alituambia kwamba ulipandwa na mzee aliyekaa nyumba hii zamani. Musa aliwaambia wana wa Israeli kwamba watakula matunda ya mizabibu na mizeituni ambayo hawakuipanda, kisha akawaonya wasije wakamsahau Bwana wakiisha kushiba (Kumbukumbu la Torati 6:11–12). Kila nikiuangalia mti ule nalikumbuka onyo hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Mwaka juzi mti ule ulizaa kupita kiasi. Mtufaha mmoja mkubwa unaweza kuzaa zaidi ya kilo 100, na wetu ulikuwa umeinamisha matawi mpaka chini. Tulikula, watoto wakabeba shuleni, mke wangu akapika. Baada ya wiki mbili tukachoka. Mimi nilikuwa nafanya zamu za usiku, na mchana nalala. Matufaha yakawa yanaanguka, nyigu wakaja, harufu ya kuoza ikaingia mpaka jikoni. Mwishoni mwa Oktoba nilichukua koleo nikajaza mifuko myeusi tisa. Nikaipeleka kwenye pipa la taka, nikaona nimefanya usafi.

Januari, theluji ikiwa imejaa, tulimtembelea dada yetu mmoja. Amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja. Alitueleza kwamba tangu Septemba ile kazini walimpunguzia saa. Alikuwa akienda dukani anahesabu matufaha manne, moja kwa kila mtoto. Siku nyingine, akifika kulipa, anayarudisha. Na kila Jumatano alipokuja kwetu kwenye maombi, aliyaona matufaha yaliyolala chini ya mti wetu.

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia, dada?"

Akainamisha macho, akasema, "Na wewe, Baba Mchungaji, mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Yeye aliona aibu kuomba. Hakutaka watu waseme amekuja Marekani kuokota matunda chini ya mti wa mtu. Mimi niliona aibu kutoa. Matufaha yetu hayang'ai kama ya dukani, yana madoa, mengine yana tundu la mdudu. Nilisema moyoni, nikiwapelekea watu haya watasema mchungaji anagawa makapi. Basi aibu yake na aibu yangu zilikutana chini ya mti mmoja, na baraka ya Mungu ikaozea hapo katikati.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha na kwa nafaka iliyokauka vizuri. Lakini tufaha huoza, embe huoza, na parachichi huoza. Mungu anapotupa baraka ya namna hii, anatupa pamoja nayo muda mfupi wa kuamua. Leo nataka tujifunze jinsi ya kuamua.

Tajiri aliuliza swali zuri

Tuanze na yule tajiri wa Luka 12. Mara nyingi tunamhubiri kana kwamba kosa lake lilikuwa kuvuna sana. Someni tena polepole. Bwana Yesu anasema shamba la mtu huyu lilizaa vizuri. Hakuiba wala hakumdhulumu mtu. Shamba lilizaa, na kuzaa kwa shamba ni kazi ya Mungu. Kisha tajiri akajiuliza afanye nini, maana hana mahali pa kuweka mazao yake. Hilo ni swali zuri. Kila mwenye mavuno mengi anapaswa kuliuliza.

Shida ni kwamba aliliuliza moyoni mwake tu. Hakumwuliza mkewe, wala jirani, wala Mungu. Na kwa sababu alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe: mazao yangu, ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Ghala kubwa lilijengwa katika mawazo yake na ndani yake hakukuwa na mtu mwingine yeyote. Usiku uleule akafa, na swali likageuka: hivyo vyote vitakuwa vya nani?

Mimi sikujenga ghala. Niliacha vitu vioze. Lakini mbele za Mungu kosa langu na la yule tajiri ni ndugu: sote wawili tuliuliza swali la mavuno kimyakimya. Laiti ningelisema kwa sauti Jumatano moja tu, baada ya maombi, "Ndugu zangu, tuna matufaha mengi, tufanye nini?" dada yetu angekuwa na jibu.

Mana ileile

Wengine wanasema, kama ni hivyo, basi kuweka akiba ni kukosa imani. Tule leo, kesho Mungu atatoa. Na wanatuonyesha mana. Ni kweli, Kutoka 16 inasema waliobakiza mana mpaka asubuhi waliikuta imeingia wadudu na kunuka, na Musa akawakasirikia. Lakini tusiishie hapo. Siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaagiza wakusanye mara mbili, waoke na kuchemsha, kisha waweke mpaka kesho. Asubuhi ya Sabato haikunuka wala haikuwa na mdudu.

Ilikuwa mana ileile, ya Mungu yuleyule. Iliyowekwa kwa hofu na tamaa ilioza, na iliyowekwa kwa kutii ilidumu. Kwa hiyo Mungu hachukii kuhifadhi. Anaangalia kwa nini unahifadhi.

Na kuna jambo jingine pale katika mstari wa 18. Walipopima, aliyekusanya nyingi hakuzidiwa, na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Mtume Paulo alilichukua neno hilo akawaandikia Wakorintho alipokuwa anachangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu (2 Wakorintho 8:13–15). Alisema wingi wa hawa uwafae wale katika upungufu wao, na siku nyingine wingi wa wale uwafae hawa. Angalieni, Paulo hasemi kuna watu wa kutoa siku zote na watu wa kupokea siku zote. Zamu hubadilika. Ninyi mnaofanya kazi za zamu mnalijua neno hilo kuliko mimi.

Mwaka wa wingi na mwaka wa uchache

Mwaka jana mti wetu ulizaa matufaha machache sana. Watoto waliyahesabu kwa vidole. Nilidhani umekufa. Bibi jirani akacheka, akaniambia ndiyo tabia ya mitufaha mingi: mwaka mmoja inazaa kupita kiasi, mwaka unaofuata inapumzika. Mti unapobeba matunda mengi mno, hushindwa kuandaa machipukizi ya maua ya mwaka unaofuata. Dawa yake ni kupunguza matunda yakiwa bado madogo, mapema kiangazi, katika kila kichala uache moja tu. Hapo mti hubeba kwa kiasi kila mwaka.

Nilipolisikia hilo nikamkumbuka Yusufu. Naye alikuwa mgeni katika nchi ya watu, na alifika kule bila kupenda, kama baadhi yetu. Mungu alimwonyesha miaka 7 ya shibe na miaka 7 ya njaa. Wakati wa shibe akakusanya sehemu ya tano ya mazao, akayaweka katika miji, kila mji chakula cha mashamba yanayouzunguka. Njaa ilipokuja akafungua maghala yote akauza nafaka, na watu wa nchi nyingine nao wakaja kununua, hata ndugu zake waliomwuza (Mwanzo 41–45).

Mwekeni Yusufu kando ya yule tajiri wa Luka. Wote wawili walikuwa na ghala. Ghala la tajiri lilikuwa na mlango wa kuingizia tu. Ghala la Yusufu lilikuwa na mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea. Ukitaka kujua ghala lako ni la nani kati ya hao wawili, lichungulie: mlango wa kutolea uko wapi?

Mwaka huu mti umebeba tena, wapendwa. Matawi yameinama. Mungu amenirudishia mtihani nilioshindwa mwaka juzi.

Vikapu kumi na viwili

Somo la tatu linamhusu mtu yeyote anayeona aibu ya alichonacho. Yule kijana alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mkate wa shayiri ulikuwa chakula cha watu wa hali ya chini. Hata Andrea alipomtaja, alitaja kwa mashaka: hivi vitafaa nini kwa umati huu? Ndilo lile neno nililojiambia mimi kuhusu matufaha yenye madoa. Bwana hakuuliza kama mikate ilikuwa ya ngano. Alivipokea, akashukuru, akagawa.

Watu waliposhiba, Bwana akaagiza mabaki yakusanywe ili kitu kisiharibike. Huyu ni yeye aliyetoka kulisha watu 5,000 kwa mikate mitano. Angeweza kuiacha mikate ile nyasini. Kesho angefanya mingine. Lakini hakuruhusu makombo yapotee. Aliyeweza kuumba mkate alikataa kuutupa. Basi sisi tusioweza kuumba hata mbegu moja ya tufaha, tunatupaje mifuko tisa?

Jumamosi hii

Imani bila matendo imekufa, kwa hiyo sasa tuje kwenye ngazi na ndoo. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tunawaalika nyumbani kwetu. Vijana watapanda ngazi, wazee watakaa na visu, watoto wataokota. Kila tufaha linyanyuliwe na kuzungushwa kidogo. Lililokomaa litaachia lenyewe pamoja na kikonyo chake. Tutapasua moja kwanza tuone mbegu: zikiwa za kahawia, yamekomaa.

Tutatenga mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mazima yasiyo na jeraha. Haya ndiyo ya kuhifadhi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na kwa tufaha ni hivyohivyo. Tutafunga kila moja kwa kipande cha gazeti, tuyapange kwenye maboksi, tuyaweke gereji au chini ya nyumba, mahali penye baridi ya kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi lakini pasipoganda. Wenye nafasi kwenye friji, yawekeni kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu. Msiyaweke pamoja na viazi wala karoti. Akina mama mnajua kwamba parachichi bichi likiwekwa na ndizi mbivu huiva upesi. Tufaha nalo hutoa hewa ya namna ileile, na karoti zikikaa karibu nalo huwa chungu. Kila wiki kagueni, mtoe lililoanza kuharibika. Yanayokomaa mwisho wa msimu, kama yetu, huweza kukaa miezi kadhaa. Yale ya Agosti hayakai, yaliwe mapema.

Fungu la pili ni yenye madoa, yaliyochubuka, yenye tundu la mdudu, na yaliyoanguka siku hiyohiyo. Haya hayangoji. Yaende jikoni palepale: tuoshe, tukate sehemu mbaya, tumenye, tuchemshe kwa maji kidogo mpaka yalainike, tuponde. Wengine watagandisha kwenye friza. Wenye kutaka mitungi ya kioo wafuate kipimo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani: rojo likiwa la moto ndani ya mtungi uliofungwa, mtungi uzame kabisa katika maji yanayochemka, dakika 15 kwa mitungi ya nusu lita na dakika 20 kwa ya lita moja, kwa sehemu zisizo na mwinuko mkubwa kama hapa kwetu Michigan. Yaliyoanguka chini yasikamuliwe juisi ya kunywa bila kuchemsha, maana udongo unaweza kuwa na vijidudu vya kinyesi cha wanyama.

Na akina mama mliokulia Shinyanga na Mwanza, mliokausha michembe, nanyi wa Kongo na Burundi mlioanika mihogo, hapa mnahitajika. Kukausha tufaha ni ujuzi uleule. Katakata vipande vyembamba, chovya kwenye maji ya limau visigeuke rangi, kausha. Jua la Oktoba huku halitoshi, hivyo tutatumia oveni au mashine ya kukaushia, nyuzi 60 hivi, saa 6 hadi 12. Waonyesheni watoto wetu kwamba bibi zao walijua kuhifadhi chakula kabla hawajaona friji.

Fungu la tatu ni yaliyooza na yenye ukungu. Haya tusiyale wala tusimpe mtu. Yatakuwa mbolea ya bustani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtaniuliza, fungu la kugawa liko wapi? Tutagawa kutoka fungu la kwanza, na tutagawa kabla sisi wenye mti hatujajaza boksi letu. Sheria ya malimbuko haikuagiza Mungu aletewe yaliyobaki; iliagiza aletewe ya kwanza na yaliyo bora (Kutoka 23:19). Yenye madoa tutayapika sote na kuyala sote, mchungaji akiwa wa kwanza. Lakini asije mtu akapewa lenye tundu kwa sababu ni mhitaji.

Maboksi kadhaa tutayapeleka kwenye kituo cha kugawa chakula mjini, baada ya kupiga simu kuuliza kama wanapokea matunda ya nyumbani. Mtu akiogopa sheria, ajue kwamba tangu 1996 nchi hii ina sheria inayomlinda mtu anayetoa chakula kwa nia njema kupitia mashirika yasiyo ya faida. Ndani ya jina lake limo jina la Msamaria Mwema, yule wa Luka 10. Na boksi moja litakwenda kwa bibi jirani, ambaye hawezi tena kupanda ngazi.

Tuvunje aibu

Ndugu zangu, sote tulikuja huku na aibu mbili ndani ya mabegi yetu. Ya kwanza inasema: usionekane huna. Ndiyo maana tunapiga picha mbele ya gari tusilolimaliza kulipa, na tunatuma fedha nyumbani tukiwa na friji tupu. Ya pili inasema: usitoe kitu kidogo, utachekwa. Aibu hizi mbili zinafanya kazi pamoja, na kati yake watoto wanalala njaa katika mtaa wenye matunda yanayooza.

Kwa hiyo naomba tuanze desturi mpya. Kila Jumatano baada ya maombi, kabla ya Neema, tutauliza kwa sauti maswali mawili: Nani ana kingi? Nani amepungukiwa? Tutayajibu sote, tukianza na mimi. Asiyeweza kusema mbele ya watu amwambie mzee wa kanisa au mama wa kikundi chake. Mwenye nyanya nyingi aseme. Mwenye sukuma wiki aseme. Mwenye Jumamosi moja bila kazi na gari lenye nafasi naye aseme, maana muda nao huoza.

Dada yetu niliyewasimulia alirudishiwa saa zake kazini. Jumamosi hii yeye ndiye atakayesimamia jiko, na amesema atakuja na sufuria yake kubwa ya sherehe. Zamu zimebadilika.

Tuombe.

Ee Mungu wetu, uliyewalisha baba zetu jangwani, tusamehe kwa kila ulichotupa kikaozea mikononi mwetu. Asante kwa mzee aliyepanda mti asijue nani atakula. Tupe mikono ya kuvuna mapema, akili ya kuhifadhi vizuri, na mdomo wa kuuliza kwa sauti. Uondoe aibu ya anayehitaji na aibu ya anayetoa. Uwakumbuke ndugu zetu nyumbani ambao mwaka huu mvua haikuwatosha. Maghala yetu yawe na mlango wa kutolea. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Ya kuzungumza nyumbani wiki hii
1. Ni kitu gani katika nyumba yetu ambacho kingi kinaharibika?
2. Je, kuna mtu tunayemjua ambaye tumeona aibu kumpa, au kumwomba?
3. Babu na bibi zetu walihifadhije chakula? Wazazi, wasimulieni watoto.